Karani wa sufu aliyefuata maji chini ya mwamba

Mvua ikinyesha usiku kucha Waithaka, asubuhi kuna mambo mawili utakayoyaona ukitoka nje, na pengine umeyaona mara mia bila kuyajali. Kwenye kile kishamba kilichobaki nyuma ya ploti, chenye migomba na sukuma wiki, udongo mwekundu umelowa lakini hakuna dimbwi. Maji yameshazama. Hatua kumi kutoka hapo, kwenye ua uliomwagwa simenti, maji yamesimama hadi kwenye vizingiti vya milango, na keateka anayasukuma kwa ufagio yaende barabarani yakawe shida ya mtu mwingine. Mvua ni moja, mtaa ni mmoja. Kilichotofautiana ni kile ambacho maji yalikikuta chini.

Sasa panda matatu ushukie South C. Huko hata pasipo na simenti maji hayaendi popote. Udongo wake ni ule mweusi wa kunata, unaovimba ukilowa na kufunga kila kitundu, kisha jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Jiji moja, na maji yana tabia mbili.

Kuna jamaa mmoja ambaye maisha yake yalimgonganisha na swali hili tena na tena: maji yakianguka ardhini huenda wapi, na ni kitu gani huyazuia? Mara nyingine alilijibu vizuri, mara moja akakosea mbele ya dunia nzima. Huenda umelisikia jina lake kwenye somo la jiografia ukalisahau baada ya mtihani. Bonde la Ufa upande wetu wa Kenya, wanajiolojia huliita Ufa wa Gregory. Huyo ndiye: John Walter Gregory. Nikuonye mapema kwamba hakuwa malaika, na tutafika huko.

Alizaliwa Januari 27, 1864, mtaa wa Bow, mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Mvulana huyu alipofika umri wa miaka 15 shule iliisha, akaingizwa ofisini kuwa karani katika mnada wa sufu. Kazi yenyewe ilikuwa daftari, hesabu na marobota. Wengi wangetulia hapo, maana mshahara ulikuwepo. Yeye alianza kuhudhuria masomo ya jioni katika Chuo cha Birkbeck, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mchana. Kama unauza mitumba Gikomba mpaka saa kumi na moja kisha unakimbilia darasa la jioni mjini ukiwa na njaa, basi unajua maisha ya Gregory yalivyokuwa kwa miaka kadhaa.

Mwaka wa 1887 aliacha sufu kabisa. Alipata kazi katika idara ya jiolojia ya jumba la makumbusho la viumbe asilia jijini London, akipanga na kuchunguza visukuku vya matumbawe na viumbe vingine vya baharini. Digrii ya kwanza aliipata 1891 akiwa bado kazini. Ya udaktari ikaja 1893, mwaka uleule ambao alikuwa huku kwetu akitembea kwa miguu.

Safari hiyo ilianza vibaya. Mwishoni mwa 1892 alijiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kuvuka kutoka pwani hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo tunaliita Turkana. Msafara ulivunjika kabla haujafika mbali. Wenzake wakarudi makwao. Gregory naye angeweza kupanda meli akarudi kwenye visukuku vyake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikwenda Mombasa, akaandika wapagazi wapatao 40, akaondoka mwenyewe kuelekea bara. Hakukuwa na reli wakati huo. Ile ya Uganda ilianza kujengwa miaka mitatu baadaye. Nairobi nayo haikuwepo. Kulikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa ubaridi wa maji yake.

Njia ya misafara kutoka Machakos kwenda Naivasha ilipita ukingoni mwa nchi ya Wakikuyu, upande huu wetu wa Dagoretti na Ngong. Kapteni Lugard alikuwa amejenga boma lake Dagoretti mwaka wa 1890. Kwa hiyo usifikirie Waithaka kama mtaa uliozaliwa na matatu na maghorofa. Miteremko hii ilikuwa mashamba na misitu, na wageni waliijua kwa sababu chakula na maji vilipatikana hapa kabla ya kuteremka bondeni.

Ukifika ukingo wa bonde, pale ambapo leo watu husimamisha magari kupiga selfi na kununua ngozi za kondoo, utaona kilichomshangaza Gregory. Mabonde mengi duniani yamechimbwa na mito. Mto hula ardhi pole pole, na kuta zake huwa na umbo la mto: zinapinda, zinapokea vijito, zinafuata maji. Hili halikuwa hivyo. Kuta zake zilikwenda sambamba kwa umbali mrefu, na matabaka ya mawe yaliyokuwa juu ukingoni aliyakuta tena chini kabisa, yameshuka. Mjiolojia wa Austria, Eduard Suess, alikuwa ameshawaza kutokana na maandishi ya wasafiri kwamba huenda ardhi ilipasuka, lakini hakuwahi kukanyaga hapa. Gregory alikanyaga, akagonga mawe kwa nyundo, akapima, akaonyesha kwamba ardhi ilipasuka nyufa mbili na kipande cha katikati kikazama. Jina la Bonde la Ufa ni lake. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka 1896.

Nyufa hizo zinaamua maji yaende wapi hadi leo. Chukua Ziwa Naivasha. Halina mto wowote unaotoka, na jua linalipiga mwaka mzima. Kwa hesabu ya kawaida lingekuwa chungu kama Magadi, maana maji yakipanda kuwa mvuke chumvi hubaki. Lakini maji ya Naivasha ni baridi, yananyweka na samaki wanaishi. Sababu ni kwamba sakafu yake inavuja: maji yanapenya kwenye miamba ya volkano na kuondoka chini kwa chini, na chumvi huondoka nayo. Magadi, iliyo chini zaidi bondeni, ndipo maji yanapokwama na magadi yakabaki meupe kama theluji. Maziwa mawili ya bonde moja, moja linavuja na lingine ni mwisho wa safari.

Kutoka Baringo Gregory alizunguka hadi Mlima Kenya. Alipanda zaidi ya mita 4,500 na kufika kwenye barafu, ambayo aliipa jina la Lewis kwa heshima ya mjiolojia Mmarekani aliyekuwa amefariki. Wapagazi wake wa pwani waliamka asubuhi moja wakakuta maji yameganda ndani ya sufuria, na unaweza kuwaelewa walipodhani yamerogwa. Gregory alitambua kwamba barafu hiyo iliwahi kushuka mbali zaidi chini, kwa kuangalia marundo ya mawe iliyoyasukuma na kuyaacha. Barafu ya Lewis leo imebaki vipande tu. Marundo ya mawe bado yapo.

Turudi Waithaka kidogo, kwa sababu kazi ya watu kama Gregory ndiyo iliyotufundisha tumekalia nini. Juu kuna ule udongo mwekundu, uliotokana na majivu na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu. Unapitisha maji vizuri, ndiyo maana babu zetu waliulima. Chini yake kuna mawe ya majivu yaliyoganda, yale laini yanayochongwa kwa kujengea, halafu lava. Lava si moja. Zilimwagika kwa zamu, na kati ya zamu moja na nyingine kukapita muda wa kutosha mito kutandaza kokoto na mchanga, na udongo kujijenga. Lava nyingine ikaja juu ikaufunika. Chini kabisa ya lava za Nairobi kuna matabaka manene ya majivu, mchanga na matope ya maziwa ya kale, yanayoitwa matabaka ya Athi.

Lava iliyoshikana haipitishi maji, labda kwenye nyufa zake. Mfinyanzi nao una vitundu vingi mno, lakini ni vidogo kiasi kwamba maji yanang'ang'ania humo na hayaendi. Mchanga na kokoto hupitisha. Kwa hiyo mvua inayonyesha upande wa Limuru na Kikuyu, mahali palipo juu, ikipata njia ya kuingia kwenye tabaka la mchanga, hutembea ndani yake kuelekea jijini huku imefunikwa na lava juu. Inatembea pole pole kuliko konokono. Maji yanayotolewa na kisima cha mashine cha mita 200 au 300 hapa Nairobi si ya mvua ya mwezi uliopita. Yaliingia ardhini zamani sana, na yamekaa na mawe ya volkano muda mrefu hadi yakachukua floraidi. Ndiyo maana visima vingi vya jiji vinavuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali, na ndiyo maana meno ya kahawia si lazima yawe ya mtu asiyepiga mswaki.

Pia kuna maji yanayonyimwa ruhusa ya kushuka. Yakishuka kwenye udongo mwekundu yakakuta bamba la mfinyanzi au lava ngumu, hukaa juu yake kama maji kwenye sinia. Fundi akichimba kisima cha mkono hapo, mita chache tu, anashangilia. Ninakumbuka ploti moja niliyokaa, ambapo kisima cha namna hiyo kilikuwa hatua chache kutoka shimo la choo. Landilodi aliamini kwamba maji yanachujwa na udongo. Yangechujwa kama yangekuwa yanashuka mbali. Lakini sinia ni moja: kinachomwagwa upande huu kinafika upande ule. Tulinunua maji ya mtungi ya kunywa mpaka tukahama, ya kisima tukaoshea nguo.

Sasa Gregory na kosa lake. Mwaka wa 1900 alianza kazi kama profesa wa jiolojia Melbourne, Australia. Katikati alikuwa ameteuliwa kuongoza wanasayansi wa msafara wa Scott kwenda Antaktika, akajiuzulu ilipodhihirika kwamba nahodha angekuwa juu yake na sayansi ingekuwa chini. Katika kiangazi cha 1901 hadi 1902 alichukua wanafunzi wake hadi Ziwa Eyre, nyika kavu katikati ya bara. Kuanzia miaka ya 1870 na 1880 wafugaji huko walikuwa wakitoboa ardhi na maji yanaruka yenyewe juu, mengine ya moto kabisa. Hakuna pampu. Jangwani.

Wajiolojia wengi walisema ni mvua iliyonyesha milima ya mashariki, ikaingia kwenye mawe ya mchanga yaliyoinama kuelekea magharibi, na kufungiwa humo na tabaka nene la mfinyanzi ulioganda. Chukua hosi ya maji, mwisho mmoja uushike juu ya paa na mwingine uuzibe chini. Ijaze. Kisha itoboe kwa sindano karibu na chini. Maji yataruka, na yanarushwa na uzito wa maji yaliyo juu. Mpira wa hosi ndio ule mfinyanzi. Bila mpira hakuna mruko, kuna matope tu.

Gregory alikataa. Alisema maji hayawezi kusukumana kwenye mawe umbali wa mamia ya kilomita, msuguano ungeyasimamisha. Aliona joto lake na madini yake, akahitimisha kwamba sehemu kubwa yalitoka kwenye kina cha dunia, na yalisukumwa na uzito wa miamba, joto na gesi. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1906 kuhusu kiini cha Australia. Mjiolojia wa serikali ya New South Wales, Edward Pittman, alimjibu hadharani kwa hesabu na kwa hasira kidogo. Pittman alishinda. Vipimo vya kisasa vinaonyesha ni maji ya mvua, baadhi yake yamekuwa njiani miaka milioni na zaidi. Joto lake linatokana na kina tu.

Lakini Gregory alisema jambo lingine ambalo wafugaji hawakutaka kulisikia: kwamba maji hayo ni akiba na yataisha nguvu. Hapo hakukosea. Visima vilipoongezeka kufikia zaidi ya elfu moja, na maji yakaachwa yatiririke usiku na mchana kwenye mitaro ya wazi, mruko ulipungua na vingine vikanyamaza. Binafsi huwa ninashangaa jinsi mtu anavyoweza kukosea chanzo cha kitu na kupatia mwisho wake. Wapinzani wake walijua maji yanatoka kwa mvua wakadhani basi mvua itayarudisha haraka. Haikuyarudisha. Mpira wa hosi unazuia kutoka, na unazuia kuingia pia.

Hapa kwetu visima vya Nairobi vimeongezeka vivyo hivyo, na kiwango cha maji chini ya jiji kimekuwa kikishuka kwa miongo mingi. Kisima cha jirani kikikauka, hujawahi kujiuliza ni nani aliyechimba kirefu zaidi?

Mwaka wa 1904 Gregory alihamia Chuo Kikuu cha Glasgow, akakaa hadi alipostaafu 1929. Kutoka huko alifanya safari nyingi, na moja ina uhusiano nasi. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ofa ya kuishi hapa, kwenye uwanda wa Uasin Gishu, bila shaka bila kuwauliza wenyeji wake. Mpango ulikataliwa 1905. Kundi lililoendelea kutafuta nchi nyingine lilimtuma Gregory mwaka wa 1908 kwenda Cyrenaica, katika Libya ya leo. Alikuta mvua inanyesha milimani, tena ya kutosha. Lakini mwamba ulikuwa wa chokaa, umejaa mashimo na nyufa, na hakuna tabaka la kuyashika maji karibu na juu. Mvua ilianguka ikamezwa. Ripoti yake ilisema maji hayatoshi watu wengi, na mpango ukafa. Nchi nzima iliamuliwa na tabaka ambalo halikuwepo.

Alirudi Kenya 1919. Akapita Olorgesailie, kusini mwa Ngong, akaona mashoka ya mawe ya binadamu wa kale yametapakaa, miaka zaidi ya 20 kabla Mary na Louis Leakey hawajapafanya mahali hapo pajulikane. Kitabu chake kikubwa kuhusu jiolojia ya Afrika Mashariki kilitoka 1921.

Halafu 1925 akatoa kitabu kingine, na hapa ndipo nilipokuonya. Alihoji kwamba watu wa rangi tofauti wasichanganyike, watengwe. Mtu aliyelishwa, kubebewa mizigo na kuongozwa na Waafrika hadi kwenye barafu alirudi nyumbani akaandika hivyo. Wakati huo huku Nairobi wanaume Waafrika walikuwa wakitembea na kipande shingoni, na Waithaka ilikuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji. Dagoretti iliingizwa Nairobi mipaka ilipopanuliwa 1963. Ndiyo maana hadi leo ploti nyingi hapa ni mashamba ya familia yaliyokatwa vipande, kila mtoto na kipande chake, kila kipande na nyumba zake za kupanga. Sioni haja ya kumtetea Gregory wala kulifuta jina lake kwenye bonde. Macho yaliyoliona bonde vizuri hivyo yalishindwa kumwona mtu aliyesimama kando yake.

Vile vipande vya mashamba ndivyo vinavyobadilisha maji sasa. Udongo mwekundu haujabadilika, tumeufunika. Mabati, simenti, kabro na lami hufanya kazi ileile ya lava na mfinyanzi, tofauti ni kwamba lava ilichukua miaka milioni na sisi tunamaliza ua kwa siku mbili. Maji yaliyokuwa yakizama Waithaka sasa yanakimbia kuelekea Mto Nairobi, ambao unaanzia kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu, kisha yanashuka na mto hadi kwa waliojenga ukingoni huko chini. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 wengi walitazama mto. Wachache walitazama paa zao wenyewe.

Gregory alikufa majini. Alikuwa na umri wa miaka 68, amestaafu, na bado alikwenda Peru kuchunguza volkano na matetemeko ya milima ya Andes. Juni 2, 1932, mtumbwi wao ulipinduka kwenye maporomoko ya mto Urubamba, akazama.

Siku ukisikia ngurumo ya mashine ya kuchimba kisima mtaani, nenda ukasimame kando, hata kama utapakwa matope. Mafundi hupanga vilima vidogo vya kile kinachotoka chini, kimoja baada ya kingine kila mita kadhaa. Cha kwanza kitakuwa chekundu. Vifuatavyo kijivu, kisha vyeusi na vigumu kwa muda mrefu, na waliokuja kutazama wataanza kuondoka. Ukiona rangi imebadilika ghafla na kilima kimekuwa cha mchanga, usiondoke.